Chawa wa kichwa wasiokwisha: wamerudi au hawakuondoka?

Mtoto katiwa dawa ya chawa, kakaa wiki mbili, kaanza kujikuna tena. Nyumbani neno huwa moja: wamerudi. Mara nyingi hawakurudi, kwani hawakuondoka. Kabla ya kukimbilia kemisti kununua chupa ya tatu, jibu maswali mawili. Chawa uliyemkuta ana ukubwa gani? Na leo ni siku ya ngapi tangu utie dawa? Majibu hayo yanatenga mambo matatu ambayo kwa nje yanafanana: dawa iliyoshindwa kuua, mayai yaliyoanguliwa baada ya dawa, na chawa mgeni aliyetoka kichwa kingine. Kila moja lina tiba yake, na kuyachanganya ndiko kunakomaliza pesa na kuchoma kichwa cha mtoto bure.

Hesabu ya kukumbuka ni hii. Jike hutaga mayai hadi 8 kwa siku na kuyagandisha kwenye unywele. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Anayetoka ni mdogo kama kichwa cha pini, na huchukua siku 9 hadi 12 kuwa mzima anayeweza kutaga. Mzima ni kama punje ya ufuta, milimita 2 hadi 3, na huishi karibu siku 30 kichwani. Akianguka chini akakosa damu, hufa ndani ya siku moja au mbili. Hana mbawa na haruki. Hutambaa tu kutoka unywele hadi unywele, vichwa vinapogusana.

Kwa hiyo chawa mkubwa aliyeonekana siku ya 3 hawezi kuwa ametoka kwenye yai baada ya dawa, maana muda hautoshi. Ama alinusurika, ama ameingia.

Kwanza pata ushahidi

Kufunuafunua nywele kavu kwa vidole hukosa wengi, kwa sababu chawa hukimbia mwanga. Nywele zikilowa na kujaa kondishena, chawa husimama kwa dakika chache, na hapo ndipo pa kuwakamata. Unahitaji kitana cha chawa chenye meno yaliyobanana, nafasi kati ya jino na jino isizidi milimita 0.3. Cha chuma kina nguvu kuliko cha plastiki, ambacho meno yake hupanuka baada ya vichwa viwili. Unahitaji pia tishu nyeupe na kondishena ya bei yoyote, vijiko vinne vya chakula kwa nywele zinazofika mabegani.

Keti mahali penye mwanga wa jua, barazani au dirishani. Lowesha nywele, paka kondishena hadi mizizini, zichane kwanza kwa shanuo la meno mapana mpaka mafundo yaishe. Gawa kichwa mafungu manne, kisha kila fungu uligawe vipande vya upana wa sentimita 2. Anza nyuma ya masikio na kisogoni, ndiko wanakopenda. Kitana kiguse ngozi, kivute hadi ncha, kifute kwenye tishu, tazama, rudia. Nywele ndefu huchukua nusu saa, na aliyemaliza kwa dakika tano hajakagua.

Nywele za kipilipili nazo hushika chawa, msidanganyane. Fumua misuko yote kabla ya kukagua, shughulika na vipande vidogo zaidi, na kitana kikigoma usilazimishe, kitakata nywele. Hapo tumia tochi ya simu na macho, ukitenga mstari kwa mstari hadi ngozi ionekane.

Chawa uliowapata wabandike kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe, andika tarehe pembeni. Karatasi hiyo ndiyo itakayokwambia, wiki ijayo, kama kinachotembea ni kikubwa au kidogo kuliko cha mwanzo. Kumbukumbu ya kichwani hukuza kila chawa akawa mkubwa.

Kesho yake wakubwa bado wanatembea

Tazama saa 8 hadi 12 baada ya dawa. Ukiona wachache wanajikokota kilevi, waache, dawa bado inafanya kazi. Wachane tu watoke. Ukiona wanakimbia kama jana, kuna kosa, na kwa Pwani chunguza kwanza mafuta.

Kichwa cha mtoto wa Mombasa hupakwa mafuta ya nazi karibu kila siku. Losheni ya permethrini ya asilimia 1, ambayo ndiyo dawa ya kawaida ya chawa, inataka kugusa unywele na chawa mwenyewe. Ikikuta tabaka la mafuta hubaki juu yake. Lazima nywele zioshwe kwanza kwa shampuu isiyochanganywa na kondishena, na hapa maji nayo huleta shida: maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu la kutosha, na mafuta hubaki hata baada ya kuosha mara mbili. Weka kando nusu ndoo ya maji matamu kwa kazi hii tu. Unywele uliosuuzika vizuri hulia kidogo ukiuvuta kwa vidole viwili, na unaoteleza bado una mafuta.

Kosa la pili ni kutia dawa kwenye nywele zinazochuruzika. Maji huipunguza nguvu. Zikaushe kwa taulo hadi zibaki na unyevu tu. Kosa la tatu ni kuibania. Chupa ya mililita 60 inatosha kichwa kimoja cha nywele za kawaida, lakini nywele nzito zinazopita mabega huhitaji chupa ya pili. Anayegawa chupa moja kwa mabinti watatu amewatibu nusunusu wote watatu, na chawa walionusurika ndio watakaotaga. Dawa ifike kwenye ngozi, nyuma ya masikio na kisogoni, ikae dakika 10 ukitazama saa, ndipo isuuzwe. Msuuzie akiwa ameinamisha kichwa kwenye beseni, isimtiririkie mwilini, na macho yafunikwe kwa kitambaa. Baada ya hapo usimwoshe kwa shampuu siku moja au mbili.

Soma na lebo. Permethrini ya asilimia 5 ni krimu ya upele wa mwili, na benzili benzoeti, ile emalshani nyeupe, watu wengi huichukua kemisti kwa ajili ya upele huohuo. Hii ya pili huchoma sana kwenye ngozi iliyokunwa hadi kutoka damu, na haifai kupakwa mtoto kwa kukisia kipimo. Muulize mfamasia kwa jina la dawa na asilimia yake. Ukisema tu "dawa ya kuwasha" utapewa ya kuwasha.

Haya yote yakiwa yalifanywa sawasawa na bado wakubwa wanakimbia, ndipo uwaze usugu. Upo kweli, chawa wa nchi nyingi wameizoea permethrini. Usirudie dawa hiyohiyo mara ya tatu. Hamia kwenye dimetikoni ya asilimia 4, ambayo haiui kwa sumu. Inamfunika chawa na kumzibia, kwa hiyo usugu wa permethrini haumsaidii kitu. Hupakwa kwenye nywele kavu, mizizi hadi ncha, hukaa saa 8 au usiku kucha, kisha huoshwa, na hurudiwa baada ya siku 7. Angalizo la huku kwetu: losheni hizi zinaweza kushika moto, na ya malathioni, ambayo ina pombe, ndiyo hatari zaidi. Nywele zikiwa na dawa, mtoto asikaribie jiko la makaa wala mshumaa, na kufukiza nywele udi kwenye chetezo kungoje mpaka zioshwe.

Vidonge vya ivermektini ni vya kuandikiwa na daktari, na si vya mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15.

Wiki moja baadaye wapo wadogo tu

Hili ndilo tukio la kawaida kuliko yote, na ndilo linaloitwa "wamerudi" kimakosa. Siku ya 7 hadi ya 12 unaona wadogo kama kichwa cha pini, hakuna mkubwa hata mmoja. Dawa ilifanya kazi. Iliua wanaotembea ikaacha baadhi ya mayai, kama permethrini inavyoacha siku zote. Kilichokosekana ni dozi ya pili.

Dozi ya pili hutiwa siku ya 9, ukihesabu siku ya dawa ya kwanza kuwa sifuri. Ukiitia siku ya 4, mayai mengi bado hayajaanguliwa na utakuwa umeimwaga. Ukingoja hadi siku ya 20, walioanguliwa mwanzo wameshakua na kutaga, unaanza upya. Anayeanza Ijumaa jioni dozi yake ya pili ni Jumapili ya wiki inayofuata. Katikati pitisha kitana kila baada ya siku tatu: Jumatatu, Alhamisi, Jumapili yenyewe kabla ya dawa, kisha Jumatano, Jumamosi, na Jumanne ya siku ya 18. Mwendo wa siku tatu una sababu yake. Chawa mchanga hawezi kutaga kabla ya siku 9, kwa hiyo ukimpitia mara tatu ndani ya muda huo ana nafasi ndogo sana ya kukupita.

Asiyetaka dawa kabisa, au mwenye mtoto mchanga chini ya miezi miwili, anaweza kwenda kwa kitana na kondishena peke yake kwa mwendo huohuo, hadi apate vikao vitatu mfululizo visivyo na chawa. Inafanya kazi kwa mwenye subira. Anayeruka kikao kimoja kwa sababu ya harusi anarudi mwanzo.

Wiki tatu kichwa safi, kisha wakubwa wawili watatu

Hapa sasa ndipo wamerudi kweli. Alama yake: wakubwa wachache, hakuna wadogo, na mayai hakuna au ni machache sana. Ni wageni. Kutia dawa kichwa hiki peke yake ni kufagia chumba mlango ukiwa wazi. Tafuta kichwa walikotoka.

Wazazi wengi hushuku shule kwanza. Shule ina sehemu yake, lakini darasani kila mtoto anatazama daftari lake. Vichwa vya watoto wetu hugusana zaidi kwingine. Chuoni, yaani madrasani, watoto wawili wakisoma juzuu moja mkekani, paji kwa paji kwa saa nzima. Nyumbani, watano wamezunguka simu moja. Usiku, binamu wanne kwenye godoro moja likizo ya Agosti au Desemba, au siku za Idi nyumba inapojaa wageni kutoka Malindi na Lamu. Na kwenye kusukana, ambako mtoto analaza kichwa mapajani mwa msukaji aliyekuwa amekumbatia kichwa kingine nusu saa iliyopita.

Basi chukua karatasi uandike vichwa vyote vilivyogusa cha mtoto huyu katika wiki mbili zilizopita. Sio majina ya shule na mitaa, vichwa. Dada anayelala naye. Rafiki wa chuoni. Binamu wa Likoni wa kila wikendi. Yaya. Nyanya anayemlaza kifuani. Na mama mwenyewe, ambaye ndiye anayesahaulika kuliko wote: anakagua kila mtu, yeye hakaguliwi na mtu. Nyumba ambayo miezi mitatu sasa chawa hawajakwisha, kagua kichwa cha mama na cha yaya kabla ya kuandika barua kwa mwalimu.

Wote wanaoishi nyumbani wakaguliwe siku moja. Wanaokutwa na chawa hai watiwe dawa siku hiyohiyo, pamoja na anayelala kitanda kimoja na mwenye chawa. Siku hiyohiyo maana yake siku hiyohiyo. Dada mkubwa akingojea mwisho wa mwezi ndiye atakayemrudishia mdogo wake. Asiye na chawa wala halali na mwenye chawa asitiwe. Dawa haina kinga ya kudumu, na kuipaka kila wiki "kwa tahadhari" ni kuwafundisha chawa kuizoea.

Kwa majirani na jamaa, ugumu ni aibu. Watu huona chawa ni uchafu, hivyo hawaambiani. Chawa hupenda kichwa safi sawa na kichafu, hata kilichooshwa asubuhi. Namna rahisi ya kumwambia shemeji au mama wa rafiki ni kuanza na wako: "Wangu nimemkuta nao, nimeshamtia dawa. Mtazame na wako, wasije wakarudishiana." Umempa habari bila kumshitaki.

Mtoto aliyewahi kuwa nao ana faida moja. Mara ya kwanza mwasho huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6, kwa sababu ngozi haijaizoea mate ya chawa, na wakati huo wote anawagawa. Mara ya pili huwasha ndani ya siku moja au mbili. Akianza kujikuna Jumatatu baada ya wikendi kwa binamu, mpitishe kitana jioni ileile.

Anajikuna lakini kitana kitupu

Mwasho unaweza kubaki wiki moja au mbili baada ya chawa wote kufa. Usitie dawa kwa sababu ya mwasho peke yake, maana dawa nayo hukausha ngozi na kuwasha. Vikao viwili vya kitana vikiwa vitupu, tafuta kingine: mba, choa chenye mabaka yaliyokatika nywele, au jasho chini ya kofia ya ndani ya hijabu iliyobana tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Mayai tele, chawa hakuna

Vuta kidoa kwa kucha mbili. Mba huanguka. Gamba linalozunguka unywele kama pete huteleza. Yai limegandishwa upande mmoja, mshazari, na halitoki bila kulikwangua. Gundi yake usitegemee siki wala ndimu kuiyeyusha. Ni kucha, kitana na uvumilivu.

Lililo hai ni la rangi ya kahawia hafifu na limejaa. Ganda tupu ni jeupe na hung'aa. Vitabu vya nchi za baridi husema lililo mbali na ngozi kuliko milimita 6 limekufa au limeanguliwa. Kwa joto letu kipimo hicho hakitegemeki, kwani mayai hai huweza kuwa mbali zaidi na ngozi. Amua kwa chawa anayetembea. Maganda meupe bila chawa hai katika vikao vitatu ni mabaki ya vita vilivyokwisha, na mtoto hana sababu ya kuzuiwa darasani kwa ajili yake.

Hata mwenye chawa hai hahitaji kukatizwa masomo. Amekuwa nao kwa wiki kadhaa, saa nne zaidi hazibadilishi kitu. Amalize siku, atiwe dawa jioni, kesho aende. Mwalimu aombwe kupeleka taarifa kwa wazazi wa darasa zima bila kumtaja mtoto.

Nguo na nyumba

Hapa watu hupoteza nguvu nyingi kwa faida ndogo. Chawa haishi godoroni, asichanganywe na kunguni. Shughulika tu na vitu vilivyogusa kichwa siku mbili za mwisho: foronya, taulo, hijabu, mtandio, kofia. Vinavyostahimili moto vitiwe kwenye maji ya nyuzi 54 au zaidi kwa dakika 5. Hijabu ya shule isiyotaka maji ya moto ipigwe pasi, hasa mshono wa paji, au ifungiwe wiki mbili kwenye ndoo yenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Vitana na shanuo viloweke dakika 10 kwenye maji ya moto wa kiasi hicho. Dawa ya kupuliza ya mende au mbu haina kazi hapa, ni sumu ya bure chumbani.

Mpe kila binti kofia yake ya ndani ya hijabu, rangi tofauti, asiazime chuoni. Ni njia ndogo ya maambukizo ukilinganisha na kichwa kwa kichwa, lakini haigharimu kitu. Nywele ndefu zisukwe na kufungwa nyuma siku za shule. Mvulana akinyolewa kipara tatizo lake limekwisha siku hiyohiyo. Kumnyoa binti kwa nguvu hakuna haja, na mama mwenye chawa atamngojea zikiota.

Kuogelea hakusaidii. Chawa hukamata unywele na kungoja, awe kwenye bahari ya Mama Ngina pale Mombasa au kwenye bwawa la klorini.

Pa kusimama

Mafuta ya taa hayapakwi kichwani. Huunguza ngozi, hushika moto, na mvuke wake huingia mapafuni. Dawa ya kupe wa mbuzi nayo, hata kijiko kimoja ndani ya maji, hupenya ngozi ya mtoto na inaweza kumlaza hospitali. Aliyekwisha kupakwa aoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Peleka kliniki pia kichwa chenye vidonda vinavyotoa maji ya manjano, ukoko unaonata, homa, au tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Hayo ni maambukizo ya bakteria yaliyoingia kwa kucha, na hutibiwa kwanza. Dawa ya chawa kwenye ngozi mbichi itamliza mtoto na kumfanya aikimbie dozi ya siku ya 9.